Mita 60 za kingo za Ruvu zisiachwe tupu

Kwa wenye dhamana ya maji, mazingira, kilimo na serikali za vijiji katika bonde la Mto Ruvu

YAH: MATUMIZI YA KINGO ZA MTO RUVU NA VIJITO VYAKE KUTOKA MILIMA YA ULUGURU

Waheshimiwa,

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo hizo. Kifungu hichohicho kinampa Waziri mamlaka ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika humo. Kinachofika kijijini mara nyingi ni ile nusu ya kwanza, pamoja na bikoni, yaani nguzo za mpaka, na tishio la faini. Mkulima wa Matombo, Mkuyuni au Kibungo Juu anajua asichotakiwa kufanya kando ya mto. Anachoruhusiwa kufanya hakijui, na ombi letu lote limesimama hapo.

Tuanze na hesabu. Shamba linalopakana na kijito kwa mita 70 tu, upande mmoja, lina mita za mraba 4,200 ndani ya ukanda huo, yaani ekari moja na kidogo. Kijito kikipita katikati ya shamba kwa urefu huohuo, ni ekari mbili na ushee. Uluguru mashamba ni vipande vipande na vijito ni vingi kuliko barabara. Mwenye ekari mbili ukimwambia aache moja bila kumpa cha kufanya, ataondoka mchana na kurudi alfajiri na jembe. Tena akirudi huvuruga zaidi, kwa sababu mtu asiye na uhakika wa msimu ujao hapandi mti. Anapanda mchicha na nyanya, avune upesi kabla hajafukuzwa.

Ukanda ulioachwa tupu nao haujiponyi kwa urahisi tunaoufikiria. Majani hurefuka wakati wa masika, hukauka kufikia Septemba, na moto wa kusafishia shamba la jirani ukivuka mpaka, unateketeza kila mche uliojiotea. Mvua za vuli zinakuta udongo mtupu, na ule wekundu wa mto mnaouona Novemba unaanza.

Tunapendekeza mita 60 zigawanywe sehemu tatu, kila moja na ruhusa yake, na maelezo yawe ya ukurasa mmoja wa Kiswahili unaobandikwa ofisi ya kijiji. Tuchukue mfano wa mita 100 za ukingo, upande mmoja, ambazo ni ekari moja na nusu kasoro kidogo.

Mita 10 za kwanza jembe lisiziguse kabisa. Hapo pawe na miti ya asili inayovumilia kulowa: mkuyu, mzambarau wa porini, mkangazi kwa nyuma kidogo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 yanahitajika mashimo 110, na miche 130 ili pawe na ya kurudishia. Ukingo ulioliwa chini na mto na kubaki wima haupandiki. Mti ukikua juu yake, uzito wake unausaidia kuanguka. Kwanza uchongwe ulale, kila mita moja ya kimo ilale mita moja na nusu, na mguu wake uwekewe mawe au matita ya fito mbichi yaliyofungwa vizuri. Kazi hiyo ni ya Agosti na Septemba, maji yakiwa chini. Mvua za kwanza za vuli zikishuka, zichomekwe fito mbichi za mkuyu zenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja, theluthi mbili zikiwa ardhini. Ziangaliwe zisichomekwe kichwa chini. Linaonekana jambo dogo, lakini fito zilizogeuzwa hazichipui, na lawama huangukia ukame.

Kwenye mpaka wa juu wa sehemu hii ipandwe mistari miwili ya vetiva, nyasi za kushika udongo, shina kwa shina sentimita 15. Mita 100 zinahitaji vipandikizi kama 1,330. Kununua vyote ni gharama isiyo ya lazima, maana shina moja lililokomaa hutoa zaidi ya 20. Kijiji kikiwa na tuta moja la kuzalishia kwa mwaka mzima, kinajitosheleza. Kosa la kawaida ni kuacha mapengo ya nusu mita. Maji ya mvua hukusanyika penye pengo, na mstari uliopandwa kuzuia korongo unageuka kuwa mlango wake.

Migomba isikae hapa, ingawa ndipo inapostawi. Mizizi yake ni ya juujuu. Mto ukifukua chini, shina zima huanguka na kipande cha ukingo. Mianzi inafaa sana, kwa sharti kwamba ile yenye zaidi ya miaka mitatu ikatwe na kuuzwa. Ikiachwa izeeke hulalia kijito, huziba njia, na maji hutafuta pa kupita kwa kula ukingo wa pili. Mikaratusi isipandwe hata mmoja ndani ya mita 60. Cha kuvuna katika mita 10 hizi ni asali, mianzi, matunda ya porini na majani ya kukata kwa mundu. Mizinga ya kisasa ya masanduku ining'inizwe kwa waya uliopakwa grisi, la sivyo siafu watavuna kabla yenu.

Kuanzia mita ya 10 hadi ya 30 pawe pa mazao ya miti yasiyodai kulimwa kila mwaka. Uluguru mashariki ina bahati hapa, kwa kuwa viungo vinajulikana tayari na soko lake lipo. Mita za mraba 2,000 zinabeba mikarafuu 31 kwa nafasi ya mita 8 kwa 8. Katikati yake, kwa miaka ya mwanzo, mdalasini kwa mita 2 kwa 2, na pilipili manga ikipanda kwenye miti ya gliricidia. Mdalasini una tatizo moja ambalo maofisa ugani wanalijua na hawalisemi vya kutosha: mti ukichunwa ganda ukiwa umesimama unakufa, mizizi inaoza, na udongo uliokuwa umeshikwa unateremka. Unatakiwa ukatwe kwa mshazari, shubiri moja kutoka ardhini, yaachwe machipukizi manne au matano, na hayo yavunwe baada ya miezi 18 hadi 24, wakati wa masika ganda linapobanduka kirahisi. Kisiki kilekile huendelea kuzaa miaka mingi huku mizizi ikishika ukingo. Pilipili manga haitaki mguu wake ulowe, huoza shina. Isiwekwe pale maji yanaposimama, hata kama ni mita 25 kutoka mtoni.

Iliki tunaiweka kando kwa makusudi. Inapopandwa chini ya msitu wa asili, vichaka na miche ya chini hufyekwa ili ipate nafasi. Miti mikubwa inazeeka bila warithi, jua linaingia, na baada ya miaka kadhaa ni shamba la mahindi. Iruhusiwe chini ya kivuli kilichopandwa na mkulima mwenyewe, kamwe si ndani ya msitu.

Mita ya 30 hadi ya 60 ndipo chakula kinapotoka: migomba, magimbi, maharage, mahindi kidogo, katikati ya mistari ya majani ya malisho inayofuata usawa wa mlima. Usawa unapimwa kwa fremu ya herufi A, miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukingama, kamba na jiwe. Kwenye mteremko wa asilimia 15, mstari kwa mstari mita 12. Kwenye asilimia 30, mita 6. Majani ya tembo au ya Gwatemala yakatwe yakifika kiunoni, kila wiki sita hadi nane, yapelekwe kwa mbuzi wa maziwa bandani. Mgeta wanafuga mbuzi hao tangu miaka ya 1980, kwa hiyo si jambo la kufundishwa upya. Samadi inarudi kwenye migomba. Yanayokatazwa hapa ni matatu: moto, kuchunga mifugo huru, na kuchanganya dawa za mboga au kuosha pampu ya dawa.

Sasa bustani za kiangazi. Watu hawalimi mboga kando ya mto kwa ukaidi. Mboga za Agosti hadi Oktoba ndizo zenye bei, na maji yako pale. Bustani hufuata maji. Ukitaka ihame, hamisha maji. Milimani jambo hili ni rahisi kuliko uwandani, kwa sababu mserereko upo. Mita 150 za bomba la plastiki la inchi moja, likiwa na kimo cha kama mita 10 kati ya chanzo na shamba, linaweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40 hivi. Robo ekari ya mboga inahitaji takriban lita 5,000 kwa siku wakati wa jua kali, yaani ndoo 250, na bomba hilo linazimaliza chini ya saa tatu. Yanayoharibika yanajulikana: chanzo kikikosa chujio mchanga unaziba, bomba likipanda kilima kidogo katikati ya njia hewa inakwama na maji yanakata, watu wanadhani kijito kimekauka. Linaloogofya zaidi ni kila mtu kuweka bomba lake na kukausha kijito kizima. Kwa hiyo tunaomba kibali cha kutumia maji kitolewe kwa kundi, kupitia Jumuiya ya Watumia Maji, kikiwa na zamu za saa na sharti la kufunga usiku. Mkulima mmoja mmoja wa robo ekari akipelekwa mjini kujaza fomu, hataenda. Ataweka bomba usiku.

Bikoni nazo zina mgogoro wao. Mita 60 kutoka wapi? Kijito cha Uluguru kinaweza kuwa na upana wa mita 2 Septemba na mita 15 Aprili. Akipima mmoja kiangazi na mwingine masika, shamba lilelile linapata mipaka miwili, na kesi inafika kwenye baraza la kata. Pimeni kutoka ukingo wa mto uliojaa, pale mimea ya majini inapoishia na udongo kubadilika. Pimeni mkiwa na halmashauri ya kijiji na wazee wa ukoo, na mchoro mmoja ubaki kijijini.

Wazee wa ukoo hatukuwataja kwa heshima tu. Kwa desturi ya Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, upande wa mama, na asiye wa ukoo hulima kwa kibali na kutoa ngoto, yaani malipo ya kulimia ardhi hiyo. Mwenye kulima kwa ngoto haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti ni dai la umiliki. Mradi ukimgawia miche 30 ya karafuu, unampa kesi. Miche hiyo hukaushwa kwenye viroba au hung'olewa usiku, na ripoti inaandika kwamba wananchi hawana mwamko. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kati ya ukoo na mlimaji kabla ya mche wa kwanza: nani mwenye ardhi, nani mwenye mti, mavuno yanagawanywaje, na mlimaji akiondoka analipwa nini. Karatasi moja, mashahidi watatu, muhuri wa kijiji. Pale ambapo hatimiliki za kimila zinatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, makubaliano hayo yaambatishwe.

Mlima huu umewahi kulazimishwa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi kwa amri na faini. Ilipofika 1955 watu waligoma, Matombo kukatokea vurugu, na mpango ukafa. Siasa ilikuwemo, ndiyo, lakini hata udongo uliupinga mpango ule. Ngazi ilipochongwa, udongo mweusi wa juu ulifukiwa na ule mwekundu usio na rutuba ukabaki juu. Mtu alichimba kwa wiki kadhaa ili avune pungufu ya mwaka uliopita. Anayetaka ngazi leo auvue kwanza udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30, aulimbike pembeni, achonge, kisha aurudishe na samadi. Inaongeza kazi karibu maradufu. Asiyeweza kulipia kazi hiyo aachane na ngazi, aweke mistari ya majani.

Wala si kila mteremko unafaa kuchimbwa. Tarehe 23 Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta, na karibu yote yalianzia mashambani na malishoni. Msituni yalikuwa ya kuhesabika. Mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, ukihifadhi maji kwenye mteremko mkali wenye udongo uliokwisha shiba, unaongeza mzigo mahali penye kutaka kuteleza. Mteremko ukizidi asilimia 50, iwe ni miti na majani basi, hata kama ni mita 200 kutoka mtoni.

Tuje kwenye kalenda, maana hapa ndipo kazi nzuri nyingi zimezama. Miche ya masika inatakiwa iwe imesiwa Septemba au Oktoba ili Machi iwe na kimo cha goti. Mikarafuu inataka mwaka mzima na zaidi kitaluni, na mbegu yake haivumilii kuhifadhiwa. Isiposiwa mbichi ndani ya siku chache, haioti. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fedha ya kitalu ikitoka Januari, kinachonunuliwa ni miche ya haraka kutoka mbali, mara nyingi mikaratusi na misonobari, kwa kuwa ndiyo iliyopo. Inapandwa Siku ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, wageni wanapiga picha, na mvua zinakwisha mwezi mmoja na nusu baadaye. Tunaomba fedha ya vitalu itengwe iwe ya kwanza kutoka, kabla ya Agosti kwisha, na vitalu viwe vya vijiji.

Tunaomba pia hesabu ibadilike. Mche unaohesabiwa siku ya kupandwa ni mapambo ya ripoti. Uhesabiwe Oktoba, baada ya kiangazi cha kwanza, na Oktoba inayofuata. Malipo kwa mkulima yafuate hesabu hiyo: theluthi moja kazi ya kupanda ikikamilika, theluthi ya pili kiangazi cha kwanza kikipita na miche saba kati ya kumi ikiwa hai, na ya mwisho mwaka wa pili. Sababu ya kumlipa ni pengo la kipato. Maharage na majani ya malisho yanaingia mwaka wa kwanza, ndizi wa pili, pilipili manga wa tatu, mdalasini wa tatu au wa nne, karafuu wa sita hadi wa nane. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya njaa, na ndiyo watu wanaporudisha mahindi mpaka mtoni. Akivushwa hapo, karafuu na mdalasini vitamlinda mto kuliko mgambo yeyote.

Fedha itoke wapi? Mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolisha Dar es Salaam, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, jumla uniti 466,000 za lita elfu moja. Ikitengwa shilingi 10 kwa uniti, ni shilingi milioni 4.66 kwa siku, au bilioni 1.7 kwa mwaka. Hata uzalishaji ukiwa nusu ya uwezo, ni milioni 850. Kwa ndoo ya lita 20 mtu wa Dar es Salaam anachangia senti 20. Wazo si geni: mwishoni mwa miaka ya 2000, mradi wa mashirika ya CARE na WWF huko Kibungo Juu uliwalipa wakulima kwa kutunza udongo, DAWASCO (kampuni ya maji ya jiji wakati huo) na kiwanda cha Coca-Cola cha Dar es Salaam wakiwa wanunuzi wa huduma hiyo. Lakini mradi una mwisho, na mto hauna. Ndiyo maana tunataka malipo haya yawe sehemu ya ada za maji zinazokusanywa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kwa asilimia iliyoandikwa. Dar es Salaam ilionja mgao Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua. Bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190, litasaidia wakati wa kiangazi, ila bwawa halichagui kati ya maji na tope. Tope la Bwawa la Mindu linajulikana na kila mtu mjini Morogoro.

La mwisho ni la wachimba mchanga na dhahabu. Hakuna mkuyu wala vetiva inayoweza kushika ukingo ambao mguu wake unachotwa na lori. Mto ukichimbwa mita moja kwenda chini, kingo za juu na chini ya hapo huanza kudondoka, mpaka kwenye shamba la mtu ambaye hajawahi kumwona huyo mwenye lori. Vibali vya mchanga visitolewe karibu na madaraja, kwenye kingo za mto wala mbele ya maeneo yaliyopandwa, na kijiji kiwe na nakala ya kila kibali, ili mtendaji akisimamisha lori ajue analolisimamia. Ni vigumu kumtoza faini mama mwenye matuta matatu ya mchicha huku tipa linapita mbele yake limejaa.

Tunayoomba, basi, yanahitaji saini zenu kwa mpangilio huu: ukurasa wa sehemu tatu, upimaji wa pamoja kutoka ukingo wa mto uliojaa, vibali vya maji vya makundi, na asilimia ya ada. Sheria ndogo za vijiji zitafuata. Rasimu zake zikifika halmashauri ya wilaya zisikae mwaka. Mbegu za masika yajayo zinaingia ardhini Septemba. Majibu yakija Oktoba, tutakuwa tunazungumzia masika ya mwaka mwingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakulima wa viungo, wafugaji nyuki na wataalamu wa udongo na maji wa Uluguru